Mguu wa Kulia wa Mama

3 Machi

Dada mpendwa,

Mlio wa kile chuma cha daktari, kile kinachotetema kikigongwa, bado uko masikioni mwangu. Alikigonga, akakisimamisha kwenye kidole cha mguu wa kushoto. Mama akatazama dari tu. Alipohamia kulia, mama akacheka, akasema nyuki kaingia mguuni.

Hamjambo huko? Mimi mzima, masomo ndiyo yananikausha.

Umeandika kwamba mama anausikia mkono wako, wangu hausikii. Dada, wewe unakaa kulia. Uti wake wa mgongo uliumia nusu ya kushoto. Mguso hupanda upande uleule ulioingilia, na huvuka juu kabisa, karibu na ubongo. Kwa hiyo kushoto, nilikokaa mimi, njia imekatika. Si mapenzi hayo.

Chumba chake nimeshakipanga, jirani na kliniki ya mazoezi. Mlete mwisho wa mwezi.

Mdogo wako

11 Machi

Mdogo wangu,

Salamu zimefika. Hatujambo, mama anakula vizuri. Kumbe siku hizi hata mapenzi yana ramani! Nilipomsomea barua yako alisema, mwambie mdogo wako, mwalimu wangu huyo, aje akae kulia basi. Nikamjibu kulia kumejaa. Tulicheka mpaka akakohoa.

Kila jioni namkanda mguu huo wa kulia kwa maji ya moto, naye huniambia niongeze. Kliniki yako itamkanda hivyo? Haendi mtu.

Dada yako

15 Machi

Dada,

Leo naruka salamu. Barua hii nampa kondakta wa basi akuletee. Acha maji ya moto. Joto na maumivu hayafuati njia ya mguso. Yakiingia tu kwenye uti wa mgongo huvuka, kisha hupanda upande wa pili, ule ulioumia. Mguu wa kulia unausikia mkono wako, moto hauusikii. Akisema ongeza, usiongeze.

Mdogo wako

4 Aprili

Mdogo wangu,

U hali gani? Sisi si wazima sana. Unyayo wa mama umetoka malengelenge. Barua yako niliisoma, nikasema huyu ana wivu, nikaendelea kukanda. Mama alikuwa ananipigia soga huku anaungua. Muuguzi anasema patapona.

Njoo umchukue, umeshinda. Nilipomwambia mama, alisema, "Huku kuna mkono ninaousikia."

Dada yako

9 Aprili

Dada yangu,

Poleni, wewe na mama. Hukukosea: niliyoyaandika yalikuwa kweli, na wivu ulikuwamo. Bado umo. Maneno ya mama nimeyasoma mpaka chakula kikanishinda.

Maji yawe vuguvugu, uyapime kwa kiwiko chako. Unyayo uukague kila asubuhi, maana wenyewe hautakuambia.

Funguo za chumba nilimrudishia mwenye nyumba jana.

Mdogo wako