Boriti Iliyofungwa Kama Nyumba

Mikindani,
Jimbo la Kusini.
Jumamosi, 16 Agosti 1952

Mpendwa Shangazi Mastura,

Kuna mlio umenikaa masikioni tangu Jumatatu: magome ya myombo yakilia chini ya uzito, kama kitanda cha kamba mtu mnene anapojigeuza. Nitakueleza ni mlio wa nini, lakini kwanza shikamoo. Goti lako linaendeleaje na baridi ya huko Tanga? Na Somoe, ameshajifungua? Mama anamwombea kila swala.

Sisi tu wazima, isipokuwa kaka yangu Dula. Usishtuke, yu hai na anakula.

Unajua punda wetu wawili siku hizi wanapelekwa Mahurunga kwa lori la Salumu, wabebe makopa ya muhogo kutoka mashambani hadi barabarani. Ili wasiumizane njiani, Baba aliweka boriti ya mkoko katikati ya lori, mmoja asimame kushoto na mwingine kulia. Ncha zote mbili alizifunga kama afungavyo fito za nyumba, kwa magome yaliyolowekwa. Yakikauka yanabana kuliko chuma. Baba hajui kufunga kitu kwa muda, Shangazi. Kila akifungacho anawafungia wajukuu.

Jumatatu Dula aliingia ndani kumfunga kichwa yule punda jike mweusi, huku nyuma ya lori kuko wazi. Punda alipohisi kichwa kimeshikwa na nyuma pana nafasi, alivuta kurudi, akateleza, miguu ikapita chini ya boriti. Dula akabanwa kati ya boriti na mwili wa mnyama. Tulikuwepo sote. Hapakuwa na fundo la kufungua, maana magome yalikwisha kuwa mti. Kila punda alipojaribu kuinuka magome yalilia, na Dula akazidi kubanwa. Mwishowe Salumu akayakata kwa panga, polepole, asije akamkata mtu.

Mbavu zimevunjika. Dresa wa zahanati amemfunga kifua na kumkataza kucheka, jambo gumu, kwa sababu Salumu anakuja kila jioni. Juzi alimtania Baba, akasema Mzee Abeid akikufungia kuku kwenye tenga, utampika na tenga lake. Dula akacheka huku machozi yanamtoka kwa maumivu.

Nilidhani Baba ameona kama nilivyoona. Alhamisi nikamkuta uani analoweka magome mapya. Boriti ilikuwa imesharudishwa ndani ya lori, ncha moja imefungwa tayari. Nikamwuliza kama anakusudia kuifunga vilevile.

"Boriti haikukosa," alisema bila kuinua uso. "Aliyekosa ni punda."

"Nyumba hatutaki ifunguke, Baba. Hii tunataka ifunguke."

"Nimefunga nyumba kabla hujazaliwa. Ipi imeanguka?"

Kweli, hakuna iliyoanguka. Nikaingia ndani, na Dula, aliyekuwa akitusikia, akaniambia niache. Jumatatu ijayo ataamka apakie punda mwenyewe, watu wasije wakasema anaogopa punda. Nilimtazama anavyovuta pumzi nusu nusu, nikajua kwamba akibanwa mara ya pili hatutamwinua mzima.

Unajua nilivyo, jambo likiniingia halitoki. Nilikwenda kwa Hamisi seremala, nikamchorea mchangani. Ubao mmoja, mbele umeshikwa na bawaba, nyuma umeshikwa na kijiti cha chuma ambacho mtu huchomoa akiwa nje, kwa kuvuta kamba. Chini pabaki wazi, punda apate kutanua miguu na kusimama imara. Mtu asiingie kati kabisa. Kichwa kishikwe kupitia dirisha la ubavuni. Na nyuma pafungwe kwanza ndipo kichwa kifungwe. Wakati wa kushusha, kichwa kifunguliwe kabla ya nyuma. Hamisi aliuliza kama shuleni tunafundishwa hata mambo ya punda. Nikamwambia hapana, punda ndiye amenifundisha.

Baba atakuandikia. Hajapata kukasirishwa na mtu nyumbani humu asikushitakie, na neno lako kwake ni neno la dada mkubwa. Ndiyo maana nimetaka barua hii itangulie. Usimkemee. Mwambie tu kwamba mikono yake tunaiheshimu.

Mama anakusalimu sana, na Dula anakuomba dua. Mbusu mtoto wa Somoe kama amekwisha fika duniani. Mwenyezi Mungu akupe afya na akuweke mpaka tuonane uso kwa uso.

Jana, Baba alipokwenda swala ya Ijumaa, nilipanda lori na msumeno wa Hamisi nikaikata boriti vipande viwili. Ubao umeshafungwa. Nimewapandisha punda wote wawili, nikachomoa kijiti nikiwa nimesimama chini, ukafunguka. Baba amekataa chakula nilichopika. Nimempakulia tena leo.

Mtoto wa kaka yako, akupendaye bila kupungua,
Zuhura