Roli Linalozaa Oili

Jumatatu, 5 Agosti 1996

Tumeingia nyumbani Shanwe jioni. Mpunga salama. Mbung'o wa mbugani wamenitoboa shingo, na mimi nimewaua kwa makofi mpaka shingo imevimba kwa makofi yangu mwenyewe. Bukuru kacheka njia nzima. Huyu utingo wangu ni mtu mzima, ana mke na watoto kule Katumba, lakini cheko lake la darasa la pili.

Leo ilikuwa tumwage oili. Ndiyo desturi yetu, safari kadhaa za Mpimbwe halafu tunamwaga chafu tunatia mpya, maana vumbi la kule halina adabu. Mama Tabu, tajiri wetu, akatoka kwenye mashine yake ya kukoboa, pumba kichwani, akasema hakuna kumwaga. Oili imeadimika mjini. Mpunga wa Kasansa umelala nje, mvua ikija utaoza. Roli lisisimame hata siku moja. Halafu akatamka neno. Msimu huu ukiisha bila roli kusimama, ananunua roli la pili na dereva wake ni Bukuru.

Bukuru leseni anayo, inazeeka mfukoni. Miaka yote ni kupakia, kusukuma, kuweka mawe nyuma ya matairi. Aliposikia lile neno alishika ukuta.

Mimi nikapiga kifua. Nimeendesha Lubumbashi, nimeendesha Bujumbura, nimekula lami mpaka stendi nzima inaniita Lami. Oili ya dizeli huwa nyeusi siku ya kwanza, weusi si ugonjwa. Nikawaambia msimu mzima sifungui nati ya kumwagia. Ikipungua tutaongeza, basi. Neno likishatoka mdomoni mwangu halirudi.

Jumatano, 14 Agosti

Kasansa na kurudi. Roli linavuta. Nimechomoa stiki kupima oili. Haijapungua. Si niliwaambia.

Jumamosi, 17 Agosti

Ajabu kubwa. Oili imepanda! Imepita alama ya juu na hakuna aliyeongeza. Nikadhani Bukuru anaongeza kwa siri, kaapa kwa kaburi la mama yake. Nimefuta stiki, nimepima tena. Imepanda.

Roli langu linazaa oili. Nimetangaza stendi nzima. Wasukuma wana ng'ombe wa maziwa, Lami ana roli la oili, njooni na vikombe. Mama Tabu kacheka mpaka kakaa chini. Kasema hiyo ni baraka, nisiiguse.

Bukuru peke yake hakucheka sana. Yuko barazani anafanya mazoezi ya gia na fimbo, mguu mmoja unakanyaga klachi ya hewa.

Jumapili, 18 Agosti

Nimepigana. Chogo, dereva wa roli jingine la mpunga, mdomo mrefu kuliko barabara ya Sitalike. Tulikuwa kwa mama lishe, mchana, watu wametoka kanisani. Kumbe kapita kwenye roli langu, kachomoa stiki bila ruhusa, kainusa, kaja nayo mpaka mezani. Akaipangusa kwenye andazi langu.

"Onja, Lami. Dizeli hiyo. Roli lako halizai, linajikojolea ndani."

Watu wakaangua kicheko. Nikampiga ngumi ya mdomo. Jino likatoka. Akanirukia, akaning'ata sikio kama mbwa. Benchi limevunjika, sufuria ya maharage imemwagika, mama lishe anatupiga wote na mwiko. Bukuru ndiye alitutenganisha, mmoja kwapa hili, mwingine kwapa lile, sisi tunatupa mateke hewani.

Shati la kanisani limelowa damu. Sijuti. Angekuwa na wivu kimyakimya ningemwacha. Jino lake wamelidonoa kuku.

Jumanne, 27 Agosti

Roli linatoa moshi. Mlimani injini inagonga, ko ko ko, kama mtu yuko ndani anataka kutoka. Sindano ya saa ya presha ya oili imelala. Nimegonga kioo cha saa ile kwa kidole, haikuamka.

Tukasimama kabla ya Kibaoni. Bukuru akanusa stiki muda mrefu. "Kaka Lami, na mimi naisikia dizeli. Tumwage tu. Roli la pili litanikuta mwaka mwingine."

Hasira zikanipanda sijui kutoka wapi. Nikarusha spana. Imepita kando ya kichwa chake, imetoboa bati la mlango. "Mwaka mwingine upi? Unataka kufa unaweka mawe nyuma ya matairi?"

 Akaiokota spana, akaifuta, akairudisha mahali pake. Akapanda.

Mpunga wa kubeba umebaki kidogo tu. Ningekuwa nimelenga vizuri ningemuua. Nalitazama lile tundu la mlango sipendi.

Alhamisi, 5 Septemba

Jana. Naandika nimekaa chini nje ya wodi, herufi zinakwenda popote.

Kasansa, saa ya kupakia. Betri limechoka, kwa hiyo tukipakia hatuzimi injini, inabaki inanguruma pale pale. Magunia yameshapanda, akina mama wameshakaa juu na kuku wao. Ghafla injini ikaanza kupanda yenyewe. Sijakanyaga kitu. Ikapanda, ikapanda, ikawa inalia kama ng'ombe anayechinjwa. Moshi mweupe ukafunika uwanja. Akina mama wanaruka kutoka juu, mmoja kaangukia mgongo, kuku wanaruka, watu wanapiga kelele roli limepandwa na shetani.

Nikavuta waya wa kuzimia. Haizimi. Nikavuta mpaka ukanikatikia mkononi. Haizimi! Nikafunga dizeli. Inazidi. Ilikuwa inakunywa oili yake yenyewe. Nikakanyaga breki, nikatia gia kubwa nizimishe kwa nguvu, klachi ikaungua, harufu ya kuoza ikajaa kabini.

Bukuru akafungua boneti. Nilimwona kwenye upenyo chini ya boneti, amevua shati, amelikunja, analisukuma kwenye bomba la kuvutia hewa ainyime injini pumzi. Nikampigia kelele toka, toka. Shati likavutwa. Injini ikapunguza sauti. Akanitazama. Akacheka lile cheko lake, naapa alicheka.

Roli likajirusha. Mkono wake wa kushoto ukaingia kwenye feni.

Halafu konrod, ule mkono wa pistoni, ikatoboa ubavu wa injini, ikatoka nje kama risasi, oili ya moto ikanyunyizia boneti na kifua chake. Halafu kimya. Kimya kibaya kuliko zile kelele.

Vidole vitatu. Nilivitafuta kwenye vumbi. Nimepata kimoja, sijui nilikuwa nataka kukifanya nini.

Aliyetubeba ni Chogo. Alikuwa anapakia jirani. Akatupa magunia yake chini bila kuulizwa, akatuleta mbugani mwote mpaka hospitali, na lile pengo lake. Tulipofika na Bukuru akaingizwa ndani, Chogo akanigeukia, akanipiga ngumi moja ya tumbo. Nikatapika. Nilikaa pale pale. Haki yake.

Ijumaa, 6 Septemba

Chogo kanieleza. Pampu ya dizeli imekufa sili yake, ule mpira wa kuziba, dizeli inavujia kwenye oili kidogo kidogo. Ndiyo maana ilipanda. Ndiye mtoto wa roli langu. Siku ile ya kumwaga tungeiona inatoka nyepesi kama maji ya kuoshea vyombo, tungeziba, kwisha.

Mke wa Bukuru amekuja na mchi. Si mfano, mchi wa kutwangia. Kanipiga mgongoni mbele ya wagonjwa. "Shemeji, mlimwahidi usukani. Atashika usukani na nini?" Nilimwacha apige. Alipochoka nikambebea mchi mpaka nje.

Bukuru amelala na bandeji kubwa kama kichwa cha mtoto. Kauliza mpunga wa juu ulimwagika?

Jumatatu, 23 Septemba

Leo nimevunja mlango wa ghala la Mama Tabu kwa teke. Nilikunywa kwanza. Alikuwa amemwambia Bukuru aje alinde mashine, aketi kwenye kiti. Nikamwambia neno ulilitamka mbele yangu. Akasema neno lilikuwa roli lisisimame, na roli limesimama. Nikainua jiwe la mizani. Sijui nilitaka kulirusha wapi. Mama Tabu hakurudi nyuma hata hatua. "Rusha, Lami. Mkono huo huo utakula nao ugali wa jela."

Nililiweka chini. Nikalia, aibu yangu. Na yeye akalia, mama mtu mzima, pumba usoni.

Kuna roli bovu la marehemu mume wake nyuma ya nyumba, injini yake nzima. Kasema tuifunge kwenye roli letu. "Lakini mkono ule, gia ataingizaje?"

Nikamwambia hiyo niachie.

Jumamosi, 26 Oktoba

Mawingu upande wa Mwese. Mvua bado.

Asubuhi tumemwaga oili, ingawa injini haijafanya kazi ya maana. Imetoka, tumeigusa, tumeinusa wote wawili. Oili tupu. Tumetia mpya. Chogo kapita, kanusa stiki, kaenda zake.

Tumeondoka Shanwe. Bukuru kulia, kwenye usukani. Mimi kushoto, mahali pa utingo, mkono wangu wa kulia juu ya gia. Yeye anakanyaga klachi anasema mbili, natia mbili. Anasema tatu, natia tatu. Mwanzoni tulikwaruza, watu wakacheka. Kufika Sitalike hakusema tena. Nilikuwa nalitazama goti lake tu.

Tulipofika kilimani tukasimama, nikashuka nikaweka jiwe nyuma ya tairi.