Vita vya Kisii na Nafasi Moja ya Jinja

Jumapili, 3 Agosti

Kutoka hapa Kisian mpaka Bondo hakuna mtu ameua Wajerumani wengi kama mimi. Leo kabla ya chai nimeua arobaini na mmoja na sijatoa jasho. Jenerali wao nilimshika kichwa kwa vidole viwili nikamtupa kwenye mkebe wa biskuti.

Ni askari wadogo wa madini ya risasi, lakini kufa ni kufa. Nimewayeyusha mwenyewe kutoka kwa vyuma vya kuzamishia nyavu kuukuu, nikawamwaga kwenye kalibu, nikawapaka rangi ya kucha niliyotoa saluni kwa dada yangu. Anashangaa rangi nyekundu inaisha haraka hivyo. Niliacha shule Form Two. Waliomaliza Form Four wameunda nini?

Ukumbi wa kanisa uko tayari. Meza tatu, milima ya Kisii ya magazeti na gundi, nyasi ya vumbi la mbao. Tunapigana ile vita ya mwaka wa 1914, Mwingereza alipotoka Kisumu kwenda kumfukuza Mjerumani Kisii. Unarusha dadu, unapima hatua za askari wako, wa kufa anarudi kwenye mkebe.

Kesho wageni wanafika. Mwalimu Peres, aliyefundisha historia mpaka akastaafu, ndiye alianzisha chama chetu na ndiye aliwaalika. Anasema ni mashindano ya kirafiki. Hilo neno siliamini. Watu hawatoki Uholanzi kuja Kisian kwa sababu ya urafiki.

Mimi nataka kitu kimoja. Desemba wageni watatuandalia mashindano yao Jinja, na wana nafasi ya mtu mmoja tu kutoka kwetu. Jumamosi sisi wenyewe tutaipigania. Apiyo, mwenzetu wa chama, amejitoa, ana mitihani Maseno mwezi huo. Nimebaki mimi na Fadhili.

Sijawahi kuvuka mpaka wowote. Hata Busia naijua kwa kibao cha barabarani tu. Desemba lazima nivuke.

Fadhili ni rafiki yangu tangu tukiwa na meno ya maziwa. Babake ni fundi wa nguo Kaloleni, na Fadhili hushona naye. Hupima hatua za askari kwa utepe wa fundi anaouvaa shingoni. Tukicheza hunishinda. Ni bahati yake tu, kila mara.

Jumatatu, 4 Agosti

Wamefika. Watatu.

Mkubwa wao ni Mama Nalwoga wa Jinja. Mnene, mpole, ana daftari dogo. Anaandika kila kitu. Niliangusha kijiko, akaandika.

Wa pili ni Piet, Mholanzi, mrefu mpaka anainama mlangoni. Aligeuza askari wangu juu chini akawaangalia miguuni kwa kioo cha kukuza. Mtu mwema anatafuta nini chini ya miguu ya askari?

Wa tatu ni Luca, Mwitaliano, kijana. Anapiga meza picha kutoka juu, kutoka kando, kutoka chini. Nikamuuliza Fadhili, huyu anapeleka wapi hizi ramani? Fadhili akacheka. "Omera, ndugu yangu, ni milima ya magazeti. Ataiba gazeti?"

Acha acheke. Nimehesabu askari wote kabla ya kufunga ukumbi.

Jumanne, 5 Agosti

Askari wako kamili. Hiyo pia inanitia shaka. Mwizi mzuri haanzi siku ya kwanza.

Mchezo wa kwanza. Nimempiga Piet. Nimempiga mpaka akavua miwani akaipangusa. Nilipiga kelele, nikaruka, nikazunguka meza. Hakuna aliyepiga makofi. Apiyo aliangalia dari. Mwalimu Peres aliniangalia kama nimekanyaga sahani yake ya ugali.

Nilifikiri ni wivu. Halafu nikaenda meza ya Fadhili.

Fadhili alikuwa anacheza na Luca. Alikuwa juu ya mlima, bunduki ya mzinga iko naye, Luca yuko wazi bondeni kama kuku barabarani. Na Fadhili akarudisha farasi nyuma! Nyuma! Zamu iliyofuata akasema amesahau kupiga mzinga. Fadhili hasahau. Anajua kiuno cha kila mteja wa babake bila kuandika.

Ameshindwa. Akamshika Luca mkono akitabasamu.

Kuna kitu hapa.

Jumatano, 6 Agosti

Kuna kitu kabisa.

Asubuhi niliona Mwalimu, Apiyo na Fadhili nyuma ya jiko wakinong'ona. Nilipofika wakaanza kuzungumzia bei ya omena, dagaa wetu wa ziwani. Watu watatu, omena, saa mbili asubuhi, na hakuna mmoja aliyeshika omena.

Mimi nimemshinda Luca. Hakuna makofi tena. Mwalimu akasema tu, "Owino, baba, pole pole na wageni." Pole pole ya nini? Vita ina pole pole?

Apiyo ameshindwa na Piet akiwa amefunika mdomo asicheke. Fadhili ameshindwa na Mama Nalwoga. Alipeleka askari wote mtoni wakasimama majini kama wanaoga.

Jioni nikaona Luca akimpa Fadhili kitu kwenye karatasi. Nikazunguka nyuma ya dirisha. Ni brashi za kupakia rangi, tatu, nyembamba kama kope. Zawadi, eti. Mimi ndiye napaka askari hapa. Mimi sikupewa hata unywele wa brashi.

Panga hivi, Owino: mtu anashindwa ovyo Jumanne, Jumatano anapewa zawadi na aliyemshinda. Mwenye akili Form Two inamtosha kusoma hiyo.

Roho yangu ni chungu. Nikimwangalia Fadhili naona uso ule ule. Hiyo ndiyo inanitisha.

Alhamisi, 7 Agosti

Mama Nalwoga amenishinda. Nasema ukweli, mwanamke yule ni simba. Aliniacha nipande mlima nikijisifu, kisha akaufunga mlima. Nilirusha dadu kama mtu anayemwaga mahindi, wapi. Alipomaliza akaniambia, "Ssebo, bwana, unapenda sana kwenda mbele." Akaandika kwenye daftari.

Cha ajabu: mara ya kwanza wiki hii, watu wetu walipiga makofi. Kwa kushindwa kwangu! Mwalimu Peres alichangamka kama ameokoka upya. Wakati wa chakula akaniwekea kipande cha sangara kikubwa kuliko cha Piet.

Nilikula. Lakini nilikula nikiwaangalia.

Fadhili ameshindwa na Piet. Michezo mitatu, ameshindwa mitatu. Huyu ndiye Fadhili anayenilaza kila Jumamosi tangu mwaka juzi. Mtu hawezi kuugua ujinga siku tatu.

Ijumaa, 8 Agosti

Wageni wamepelekwa Dunga kuona viboko. Nilibaki kumsaidia Mama Atis, anayetupikia, jikoni, kutoa samaki magamba.

Sina cha kuandika leo.

Jumamosi, 9 Agosti

Nafasi ya Jinja ni yangu.

Naandika jinsi ilivyokuwa. Ukumbi umejaa. Wageni wamekaa mbele, kwaya ya kanisa imekuja kuangalia, hata fundi, babake Fadhili, amefunga duka akaja na kofia yake nyeupe ya Ijumaa. Mimi Mwingereza, Fadhili Mjerumani.

Zamu ya kwanza nikamtania kama kawaida. Nikamwambia leo nitakushona mpaka babako akuulize bei. Watu wakacheka. Yeye pia akacheka.

Zamu ya pili hakuna aliyecheka. Fadhili alikuwa amerudi, yule Fadhili wetu. Utepe ulikuwa unatoka shingoni mwake na kurudi, fyu, fyu, hatua sawasawa, hakuna hata nusu inchi ya bure. Mzinga uliosahauliwa Jumanne leo ulikumbuka kila kitu. Zamu ya tatu bawa langu la kushoto likaisha. Zamu ya nne farasi zake zilikuwa nyuma ya jenerali wangu. Zilibaki zamu mbili. Mtoto angeona.

Nikaona Desemba inaondoka. Nikaona wakipanda gari na mimi nimesimama kando ya barabara nikipungia mkono.

Nikasimama. Nikasema kwa sauti, kwa Kiswahili halafu kwa Kiingereza changu ili wageni wote wasikie. "Jumanne ulisahau kupiga mzinga. Jumatano uliogesha jeshi mtoni. Alhamisi pia ukaanguka. Leo umekumbuka! Uliuza michezo yetu kwa nini, Fadhili? Kwa brashi tatu?"

Kwaya yote ikageuka kumwangalia Fadhili.

Luca akawa mwekundu mpaka masikio. Fadhili akafungua mdomo. Akamwangalia Mwalimu Peres. Mwalimu akawaangalia wageni, kisha akatazama mikono yake. Fadhili akafunga mdomo.

Nikamwambia, "Jibu basi. Si una ulimi?"

Babake akasimama kule nyuma. "Fadhili, mwanangu, mjibu mwenzako."

Alivua utepe shingoni, akaukunja taratibu, akauweka juu ya mlima wa magazeti. Akatoka. Babake akamfuata, kofia mkononi.

Sheria ya chama ni kwamba anayeacha meza ameshindwa. Mama Nalwoga aliisoma mwenyewe, sauti chini, na akaandika jina langu.

Nimeshinda.

Jumapili, 10 Agosti

Wageni wameondoka. Piet alituachia kile kioo cha kukuza kama zawadi, akasema hajawahi kuona askari waliotoka kwa nyavu za samaki, kumbe miguuni alikuwa anatafuta alama ya kiwanda kilichowaunda. Basi. Luca hakunipa mkono. Mama Nalwoga alinipa, lakini hakunikazia.

Mwalimu Peres alifagia ukumbi peke yake. Nilipochukua ufagio mwingine akasema, "Acha tu, baba." Sikujua kufagia kunaweza kukuumiza hivyo.

Jumatatu, 11 Agosti

Nimeenda Kaloleni. Nilimpelekea utepe wake.

Fadhili alikuwa kwenye cherehani. Babake akaniitikia salamu vizuri, akanipa kiti, akasema karibu chai. Ndivyo walivyo. Hata ukiwachomea nyumba watakuuliza kama umekula.

Fadhili akainua kichwa. "Karibu. Ni suruali ama shati?"

Nikafikiri ni utani. Nikangoja acheke. Alikuwa ananingoja nijibu.

Nikasema suruali. Sina hata kitambaa. Akanipima kiuno kwa ule utepe niliouleta, akaita namba kwa babake, akasema njoo Ijumaa. Kisha mguu ukarudi kwenye cherehani.

Alhamisi, 14 Agosti

Mvua. Ukumbi umefungwa, nina ufunguo, sijaenda. Mama Atis nilimpita sokoni na omena yake kichwani. Aliniangalia mpaka nikavuka barabara.

Mwalimu anawaambia watu mashindano yalienda vizuri. Wageni wameandika barua nzuri. Chakula kilitosha, umeme haukupotea, hakuna askari hata mmoja aliyeibiwa. Kweli yote hiyo. Mwalimu anasema kitu kidogo tu kiliharibika, vijana walikosa kuelewana.

Si kweli, na mimi ndiye najua.

Ijumaa ile niliandika sina cha kuandika. Nilikuwa nacho. Nikiwa natoa samaki magamba nilikuwa nalalamika kuhusu Fadhili, na Mama Atis akachoka na mdomo wangu. Akaniambia mgeni haondoki nyumbani kwako akiwa amepigwa. Hiyo ni desturi ya kwetu, na ya kina Fadhili pia. Mwalimu aliwaomba wote washindwe taratibu, kwa heshima, na akawaapisha kwamba wageni wasijue kamwe, kwa sababu mgeni akijua umemwachia umemtukana. Brashi Luca aliwapa wote waliocheza naye vizuri. Mimi nilimrukia na kumzomea, ndiyo maana sikupata.

Nikamuuliza mbona mimi sikuambiwa. Akasema, "Wewe mdomo wako hauna mlango. Halafu Mwalimu alisema wewe utashindwa tu, hata usipoambiwa."

Hiyo ya mwisho ilinichoma kuliko kisu cha samaki.

Kwa hivyo Jumamosi niliposimama sikuwa na shaka yoyote na Fadhili. Shaka ilikuwa imeisha Ijumaa, saa nne asubuhi. Nilijua hakuuza kitu. Nilijua pia hawezi kunijibu bila kuwaaibisha wageni wa Mwalimu, na nilijua Fadhili ni mtu wa kunyamaza kuliko kufanya hivyo, hata babake akisikia.

Ndiyo maana nilichagua maneno yale.