Ukungu Alioufuta Bosi

Chumba cha Picha, Ghorofa ya Tatu,
Ofisi ya Hali ya Hewa.
Jumapili, 9 Juni

Mpendwa Mjomba,

Shikamoo. Mguu unaendeleaje? Mama anasema umetupa gongo moja la kutembelea na umeanza kugombana na daktari, nikajua unapona. Sisi hatujambo, ila mimi roho bado inanichemka.

Najua mnavyosema huko: mpwa alitangaza bahari shwari, meli yenu ikagonga mwamba, ukavunjika mguu. Haki ya Mungu, Mjomba, mimi niliandika ukungu! Alfajiri setilaiti hutuletea picha za joto tu, na joto la ukungu ni karibu sawa na la maji, kwa hiyo ukitazama picha moja unaona bahari tupu. Lazima uweke mbili za joto, zilizopigwa kwa mawimbi tofauti, ulinganishe. Nililinganisha. Bosi wetu, tunayemwita Jogoo, akatazama moja, akafuta onyo langu. Mlipoumia, akanisimamisha mbele ya ofisi nzima, akasema kosa ni langu. Nikaapa ataonja.

Basi jana kaja asubuhi na mapema, kavaa koti jipya la kuokolea maisha. Kanunua boti, na wakubwa wa makao makuu wanamsubiri gatini akawatembeze. Akaniuliza habari za bahari. Nikamwambia kuna ukungu, asiende. Akachungulia picha moja, ileile ya joto, akacheka: "Wewe na ukungu wako! Mmeoana?" Huyo, akaenda.

Waokoaji waliwakuta juu ya mwamba uleule wenu, Jogoo anapuliza filimbi. Wote wazima, ila boti imekuwa chujio. Wakubwa wakapanda ngazi hadi kwetu, Jogoo nyuma yao, suruali zinachuruzika, wakitaka maelezo. Nikawawekea picha mbili za jana. Halafu, bila kuombwa, nikawawekea na zile za siku yenu, pamoja na onyo langu. Wakauliza nani alilifuta. Nikamtazama tu Jogoo.

Kasimamishwa kazi. Yuko kwake, hawiki. Mama anasema nimwonee huruma. Sina! Nimecheka mpaka mbavu zikauma.

Nisalimie mkazamjomba na wale pacha watundu. Mungu akuunganishie mfupa, na akulainishie moyo juu yangu.

Moja sijamwambia hata Mama. Jogoo nilimwonya mara moja tu, kwa sauti ya chini, kisha nikakaa namtazama akifunga koti. Ungekuwa wewe, Mjomba, ningekushika shati.

Akupendaye, hata ukiwa umemnunia,
Mpwa wako