Fundi wa Dharura

Jumatatu, 3 Machi

Nimeajiriwa! Kwa majaribio, lakini nimeajiriwa. Mimi niliyeapa kwamba sitaomba ruhusa ya kwenda popote maisha yangu yote.

Fungua Mdomo amenipa chumba nyuma ya zahanati yake, koti jeupe, na wiki mbili za kutazamana. Huyu ndiye daktari wa meno niliyekuwa namtengenezea meno ya bandia hapahapa nyumbani, na hana salamu nyingine zaidi ya hilo jina nililompa. Tukifaana, tunasaini Ijumaa ya wiki ijayo. Sharti: nitengeneze meno ya zahanati yake tu. Wateja wangu wengine wote, kwaherini.

Mume wangu anatembea kifua mbele utadhani kaajiriwa yeye. Ni karani tangu ujana wake, anaamini mshahara kuliko dawa. Mama mkwe alikuwa anamimina chai pembeni ya kikombe.

Ndiyo sababu yenyewe. Macho ya mama. Mtoto wa jicho, kote kuwili, na kazi hii ina bima ya afya inayobeba hadi wakwe. Basi, nimeandika.

Jumanne, 4 Machi

Mashine ya mahudhurio imenikataa! Unaweka kidole, inakutambua, unaingia. Nimeweka kimoja kimoja mpaka vikaisha — wapi! Kusugua plasta ya kuumbia taya za wateja na kung'arisha meno kumenifuta alama zote za vidole. Dada wa mapokezi, naye mgeni pale, amenitazama kama mwizi aliyejiandaa vizuri. Kwa mujibu wa mashine, sijafika kazini. Nikiwa peke yangu hakuna aliyeniuliza nimeamka saa ngapi. Leo nimewahi, na haihesabiki.

Alhamisi, 6 Machi

Nikubali tu, si najisomea mwenyewe: mapumziko ya mchana ni matamu. Unakula umekaa! Nilishazoea kula kwa mkono mmoja, wa pili umeshika taya la mtu. Na plasta ikiharibika, si plasta yangu. Leo nimeiharibu moja kwa raha zangu.

Lakini kikao cha asubuhi! Tunasimama duara, kila mtu anaeleza atafanya nini. Juzi nilisema nitatengeneza meno. Jana nikasema nitatengeneza meno. Leo, meno. Kesho nafikiria kuwashtua.

Jumatatu, 10 Machi

Fungua Mdomo kaingia chumbani kwangu, kanikuta naimba. Akasema hapa hatuimbi, wagonjwa wanasikia. Hakusema kwa ubaya. Ila nimenyamaza kutwa nzima, na meno yametoka yamenuna, utadhani mwenye nayo kafiwa.

Jioni nilimsimulia mama mkwe, nikitia chumvi ili acheke. Hakucheka.

"Mwanangu, usinifanye mimi sababu," akasema. "Kama ni kukuona huna raha, bora nisione."

Nikamwambia mbona huoni tayari. Hapo ndipo alipocheka, na mimi nikacheka, mpaka mume wangu akatoka chumbani kuuliza kuna nini. Halafu nikaenda kuosha vyombo na nikalia kidogo. Nataka aone. Na mimi nataka kuimba. Vyote viwili navitaka, sina la kuficha.

Jumatano, 12 Machi

Nimeingia mitini. Nimetuma ujumbe kazini kwamba tumbo limenikaza. Tumbo liko salama salimini. Mwalimu wa kwaya, mteja wangu wa siku nyingi, amevunja meno ya mbele na kila akitamka "s" anapiga filimbi. Nimwache hivyo kisa sijui kipengele gani? Nikasema namtengenezea ya mwisho, kisha nafunga duka.

Nimechanganya plasta tu, simu ya kazi ikalia. Ile ya zamani, ya wateja wangu, ambayo mama huipokea kwa sauti ya ofisini, spika ikiwa wazi. Nani? Dada wa mapokezi! Fundi wao anaumwa, anasema. Kuna mzee ana hotuba kwenye harusi ya bintiye keshokutwa jioni na meno yake yamekatika vipande viwili. Kwenye simu ya zahanati ameikuta namba imeandikwa "Fundi wa Dharura". Ndiyo yangu! Fungua Mdomo aliniandika hivyo enzi hizo, na dada wa watu hajui.

Nikampungia mama mikono yote miwili: hapana, hapana! Mama hakuona. Akasema fundi yupo, mzima wa afya, leteni.

Alhamisi, 13 Machi

Kwa hiyo zahanati imemwita fundi wa nje kwa sababu fundi wa ndani mgonjwa, na wote wawili wamevaa aproni moja. Nimeimba tangu asubuhi. Meno ya mzee yametoka yanacheka yenyewe.

Mume wangu karudi, kayakuta mezani, ikabidi nimweleze. Kashika kichwa. Akaniuliza kama naelewa kwamba nimejinyang'anya kazi mwenyewe. Nikamjibu huyo mwenzangu ni mtegaji, kijitumbo kidogo tu kalala. Nilitegemea acheke.

"Juzi mama alinisalimia kama mgeni," akasema. "Mpaka nilipoongea."

Akaenda kubadilisha nguo. Nilibaki nayasugua meno ambayo yalikuwa yamekwisha kung'aa zamani.

Ijumaa, 14 Machi

Saini ni leo mchana. Asubuhi nimetuma ujumbe kwamba tumbo limelegea lakini bado halijaniamini. Mpango ni huu: tarishi wa zahanati anakuja kuchukua meno ya mzee wa harusi, nakabidhi, naoga, napona, naenda kusaini. Nimeamua. Mama atapata macho, na mimi nitaimba kimoyomoyo. Halafu nikamkumbuka mwalimu wa kwaya jana alivyosema "asante sana" bila filimbi hata moja, nikaamua vingine. Halafu nikaamua tena. Nimeamua mara nyingi tangu chai.

Gari limesimama. Mama ameenda kufungua, anapapasa ukuta. Nachungulia kwenye pazia la chumbani —

Mungu wangu! Si tarishi. Ni Fungua Mdomo! Mkono mmoja ameshika mkataba, mwingine mfuko wa machungwa. Kaja kumjulia hali mgonjwa!

Mama amemtazama usoni kabisa, akatabasamu. Hakumwona. Kajua tu kuna mtu.

"Karibu, baba, umekuja kuchukua meno? Yako tayari," akasema. "Fundi yumo ndani. Ila bosi wake anajua anaumwa, kwa hiyo ukirudi usimwambie."

Fungua Mdomo akautupia jicho mkataba mkononi mwake.

"Sitamwambia, mama."

Nimekwisha! Naandika nimesimama, daftari juu ya kabati, sijui hata naandika ili iweje. Nimesikia machungwa yakiwekwa mezani. Sasa kiti kinavutwa. Anakaa! Mwenye zahanati, siku ya kazi, anakaa kwangu! Anamwuliza mama macho haya yameanza lini. Anauliza polepole, hana haraka. Na mama anajibu! Anamweleza yote: yalivyoanza, bima, mkwe wake aliyeacha kuimba kwa ajili yake. Anamwambia huyo "tarishi" kwamba kama yeye mama ndiye angekuwa bosi, angemruhusu mtoto wa watu afanyie kazi nyumbani kwake.

Machungwa yanagongana kwenye mfuko, nadhani Fungua Mdomo anamchagulia mama.

Sasa ananiita. Kasema "fundi", basi. Sijui anamwita yupi. Nikitoka, nitoke nimeshika tumbo, au nitoke nimeshika meno?