Achari ya Zaina Haikumuua Ndugu Yako

Mwanaisha,

Koma! Zaina, mjane wa ndugu yako, umemfukuza na hata eda hajamaliza, eti achari ya ndimu aliyomtumia mumewe Riyadh ilitiwa dawa. Chupa hiyo nilikabidhiwa mimi pamoja na nguo za marehemu. Nimeila na wali mpaka nikalamba kijiko, na bado niko hapa Jeddah nina nguvu za kukugombeza.

Haya, pokea salamu. Goti lako limepoa? Mimi mzima, ila kila alasiri, jikoni kwa madam hapa Al-Safa, namkumbuka Athumani alivyokuwa akilala barazani pale Kisauni, mdomo wazi, kuku wakimruka. Ukimwita hasikii. Namnyunyizia maji, nawe unacheka mpaka unakaa chini. Nyumba ilikuwa na kelele tamu siku zile. Hata alipokuwa dereva huko Riyadh, kila Ijumaa alinipigia simu: "Mama, leo umewapikia nini Waarabu wako?" Namjibu, "Chakula usichokipata wewe, lala njaa!" Acha tu, mwanangu.

Nilipokwenda Riyadh kumzika, daktari mmoja Msudani aliniita. Kiarabu chao nishakijua.

"Hajja, babake alikufaje?"

Nikamjibu kwa fahari, kama tunavyosema siku zote: "Alilala, hakuamka. Wanaume wa nyumba yetu hawamsumbui mtu."

"Na babu yake?"

"Vivyo hivyo."

Akaweka kalamu chini. "Hajja, hiyo si heri. Huo ni ugonjwa."

Akasema nyama ya moyo hushikwa na protini, vitu vidogo visivyoonekana, kama ukindu ulivyoshikana kwenye mkeka. Walikuwa wamepima kipande cha moyo wa Athumani, wakaona protini moja ina kasoro ya kuzaliwa nayo. Mtu anaweza kuwa mzima, anabeba magunia, kisha usingizini moyo unapoteza mapigo. Halas. Mchawi hayupo.

Sasa nasikia mwanao Hamisi anakuja huku kushika gari la mjomba wake, nawe unatamba kwamba amepita medical ya ajenti wa kazi. Wale waliangalia kifua, damu na mkojo. Athumani naye si walimpigia muhuri, fiti? Na Hamisi alipoanguka uwanjani, si mlisema ni saumu? Kichwa chako kigumu! Nawe mwenyewe umezaliwa na baba yule yule.

Nisalimie shangazi yako mkubwa, jirani anayenitunzia kuku, na maalimu aliyemsomea marehemu hitima. Ni mimi mamako, nakufokea kwa sababu nimebakiwa na wewe tu.

Kesho nenda kwa kina Zaina, umwombe radhi mbele ya mamake, arudi nyumbani kwa mumewe amalize eda. Kisha mchukue mtoto wa marehemu, na Hamisi, na wewe mwenyewe, mkapimwe moyo hospitali kubwa. Mtajie daktari wafu wetu mmoja mmoja: babu, baba, ndugu. Pasipoti ya Hamisi ifungie kabatini, asipande ndege mpaka daktari aseme.