Chungu Alichokikalia Mzee Ambilikile

Jumapili, Bujonde. Mvua haijakata tangu alfajiri, kakao ya watu wote imerudishwa ndani, na mimi bado nina hasira za juzi.

Juzi tulimzika shangazi Tusekile kule Lyulilo. Wasifu wake niliuandika mimi. Uliosomwa sikuuandika mimi.

Niseme ukweli hapa, maana kule sikusema. Shangazi alikuwa mfinyanzi wa vyungu, na alikuwa na mdomo. Mteja akigonga chungu chake kwa nguvu kusikia kama kina ufa, alimnyang'anya na kukataa kumuuzia. "Hiki ni chungu, siyo mlango." Misibani alipenda kukaa karibu nami, na wasifu ukishasomwa ananinong'oneza, "Huyu waliyemsoma simjui. Tumemzika nani?" Mwaka jana, tayari anaumwa, alinishika mkono. "Wewe unayeshinda unaandika kwenye simu, siku yangu usikubali wanifanye mtakatifu."

Nilicheka, lakini nilikubali.

Basi nikaandika kurasa mbili. Niliweka habari ya mlango. Niliweka na ugomvi wake na Mzee Ambilikile, aliyekuwa akimletea vyungu sokoni kwa mtumbwi. Miaka mingi iliyopita mzee huyo alichoka kupiga kasia, akakalia chungu kikubwa kuliko vyote akidhani kitamhimili. Hakikumhimili. Tangu hapo, kila Jumamosi, kabla mzigo haujapakiwa, shangazi alimuuliza mbele za watu, "Leo umepanga kukalia kipi?"

Baba mkubwa, kaka wa marehemu, ni mwalimu mstaafu. Akatoa kalamu nyekundu. Kalamu nyekundu, msibani! Eti tutachekwa. Eti wasifu una utaratibu wake: kuzaliwa, kubatizwa, kuolewa, kuugua, kufa. Alikata kila kitu akabakiza tarehe, kisha akaongeza sentensi yake mwenyewe: "Marehemu hakuwahi kugombana na mtu."

Nikanyamaza.

Hilo ndilo linaloniuma. Simu ilikuwa mkononi, maneno yote yamo, nikanyamaza kwa sababu jeneza lilikuwa pale na watu walikuwa wanangoja.

Sentensi ile iliposomwa, akina mama wa vyungu waliinamisha vichwa, mabega yakitikisika kwa kicheko. Mzee Ambilikile hakucheka. Alisimama, akavaa kofia yake, akaondoka kabla ibada haijaisha.

Baada ya mazishi nilimkuta ufukweni, ameketi ndani ya mtumbwi mtupu. Nilimwomba radhi hata kabla sijajua kosa letu ni lipi.

"Mwanangu, nilikuwa nasubiri msome habari ya kile chungu," alisema. "Nilishajiandaa kuchekwa. Miaka yote ile ananigombeza mimi, leo mnasema hakugombana na mtu. Sasa mimi nilikuwa nani kwake?"

Nilimwambia "ndaga", asante yetu ya huku, kwa mizigo yote aliyombebea shangazi, nikageuka haraka asinione ninavyolia.

Nimechoka na wasifu za watu ambao hawajawahi kuwepo. Wote tuliowazika huku ni wapole, wakarimu, wapenda watu. Sijui hizi kelele za sokoni huwa anazipiga nani. Nimemkasirikia baba mkubwa, kweli, ila mwenye ahadi nilikuwa mimi.

Kesho, inyeshe isinyeshe, nakwenda Lyulilo kumsomea yule mzee kurasa zote mbili, na chungu chake kimo. Leo nimeongeza mstari mmoja ambao hata mimi sikuwa nimeufikiria siku ile:

"Aligombana na Ambilikile kila Jumamosi, na hakuna Jumamosi hata moja aliyopakia vyungu vyake kwenye mtumbwi wa mtu mwingine."